Kilo Tatu za Tarishi

Jumatatu, 4 Machi

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kumlisha mbwa kwa kufuata macho yake. Macho ya mbwa hayashibi. Amekula sasa hivi, bakuli bado lina unyevu wa ulimi wake, naye anakutazama kana kwamba nyumba hii haijawasha moto tangu juzi. Mwenye huruma wa kwanza anamega kipande. Mwenye huruma wa pili, asiyejua habari za wa kwanza, naye anamega. Mbwa wa namna hiyo hafi kwa njaa, hufa kwa kupendwa.

Leo mvua za msimu zimeanza, na leo tumempeleka Tarishi kliniki. Daktari wa mifugo ni binti mwenye mikono isiyo na haraka. Alimpima: kilo 31.2. Akasikiliza moyo, akakunja magoti ya nyuma moja moja, kisha akaniambia kwamba moyo huo unafanya kazi ya mbwa wawili na magoti hayo yanabeba mbwa mmoja na nusu. Anataka kilo tatu ziondoke kabla mvua hazijakatika, tena ziondoke polepole, maana mbwa anayekondeshwa kwa pupa huharibika ini. Akipungua, atatembea miaka mingine mitatu, minne. Asipopungua, mvua zijazo atazipitisha amelala.

Mbwa wa mtu mwingine akilala, hasara ni ya mbwa. Kwetu si hivyo. Dada yangu mkubwa ana mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilipasuliwa halikupona, la kushoto linaona vivuli tu. Tarishi ndiye humpeleka kila asubuhi duka la mikate na kumrudisha. Hakufundishwa na mtu. Hutembea kushotoni kwake, husimama kwenye mtaro mpaka dada aukanyage ukingo kwa kidole, ndipo huvuka. Mwezi uliopita alikaa chini katikati ya barabara, anahema, na pikipiki ikawakosa kwa shibiri.

Binti wa dada, muuguzi wa mji mwingine, alipata habari siku hiyohiyo. Alipiga simu akasema maneno machache: mbwa akishindwa kazi, mama atahamia kwake. Anakaa ghorofa ya tatu, na nyumba hiyo haipokei mbwa. Dada alimjibu kwamba afadhali awe kipofu kwenye nyumba anayoijua kuliko mwenye macho kabatini.

Kwa hiyo tunapigania kilo tatu. Daktari amenipa daftari hili na kuniagiza niandike kila kitu, kwa sababu wateja wake wakisikia maneno kutoka kwake hudhani anawagombeza, lakini wakiyasoma kwa mzee mwenzao huenda wakakubali. Nimekubali. Kueleza sijawahi kuchoka.

Jumanne, 5 Machi

Masharti nimeyabandika jikoni. Chakula cha punje cha dukani, kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, kikombe kilekile, kikatwe usawa kwa kisu wala kisiwe na kilima. Maji safi wakati wote. Chakula chetu asipewe hata chembe: kina chumvi, kina mafuta, na kitunguu huharibu damu ya mbwa hata kikipikwa kikalainika. Mfupa uliopikwa hapana, hupasuka kama kioo.

Nilimsomea dada kwa sauti, kwa kuwa ukutani haoni. Akasikiliza mpaka mwisho huku anapepeta mchele kwa vidole.

"Bwana Muhuri," akasema, "umestaafu machinjioni, hujastaafu kukagua."

Jina hilo nililipata kazini. Kwa miaka thelathini na miwili nilikuwa mkaguzi wa nyama, nikipiga muhuri wa wino wa zambarau. Dada hulitumia anapotaka kunipunguza urefu.

Jumatatu, 11 Machi

Kilo 31.0. Tumeanza vizuri.

Mizani yetu ni ile ndogo ya kupanda kwa miguu, na mbwa haelewi kwamba anatakiwa kutulia. Njia ni moja: mtu apande peke yake, kisha apande amembeba mbwa, utoe. Kazi ya kupanda ameichukua fundi cherehani, aliyepanga chumba chetu cha mbele na kushona barazani. Ana kilo 64, jambo ambalo sasa mtaa mzima unalijua, maana aliposhuka alilitangaza mwenyewe. Kisha akaizungusha futi yake tumboni mwa Tarishi, akaandika inchi katika daftari la wateja, baina ya sketi ya mwalimu mkuu na koti la bwana harusi. Alisema mteja huyu ni mgumu, anataka suruali ya miguu minne na hana pa kuweka mkanda.

Dada alicheka mpaka akashika shavu.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua mchana kutwa. Hakuna aliyetoka.

Jumatatu, 18 Machi

Kilo 31.4. Nimerudia mara mbili. Kilo 31.4.

Kwa asiye na mizani, mkono unatosha. Kunja ngumi, upapase vifundo: mbavu zikiwa hivyo, mbwa amekonda. Fungua mkono, upapase mgongo wa kiganja: mbavu zikiwa hivyo, yuko sawa. Geuza, upapase kiganja chenyewe kwenye nyama: mbavu zikijificha hivyo, amenenepa. Tarishi ni kiganja tupu.

Jumatano, 20 Machi

Leo meno. Wengi hudhani mbwa hujisafishia kinywa mwenyewe. Hajisafishi. Ugaga hujijenga kwenye magego, ufizi hurudi nyuma, wadudu huingia kwenye damu na kufika mpaka moyoni. Mimi huzungusha kitambaa safi kwenye kidole, nikakilowesha maji, nikasugua upande wa nje wa meno, taratibu, mara tatu kwa wiki. Dawa ya meno ya watu isitumike, ina vitu ambavyo mbwa akivimeza humdhuru.

Dada alimshika kichwa. Katikati ya kazi akauliza, "Na mbwa akiumwa jino, wewe unajuaje? Maana hasemi."

Swali zuri, nikalijibu kwa kirefu. Atatafuna upande mmoja. Ataangusha tonge. Atakiacha kigumu achague chororo. Utamwona anasogelea bakuli kwa hamu, kisha anasimama tu. Mwisho atakonda, na watu watamtafutia minyoo wakati ugonjwa uko mdomoni.

"Kumbe," dada akasema.

Kinywa cha Tarishi ni kizuri kwa umri wake.

Jumatatu, 25 Machi

Kilo 31.6.

Kikombe ni kilekile, kisu ni kilekile. Anaongezeka. Mwili haujengwi kwa hewa, mtu anamlisha. Nilikaa na kahawa yangu nikawapitia watu wa nyumba hii mmoja mmoja, kama nilivyozoea kuipitia mizoga. Mimi simlishi. Dada ndiye anayemhitaji mbwa huyu, hawezi kujichimbia kisima mlangoni. Akabaki mtu anayekaa barazani kutwa nzima na mfuko wa karanga, mbwa miguuni pake.

Nilimwendea fundi alipokuwa na wateja wawili. Nilipaswa kungoja waondoke. Nilimwambia kwamba utani wake utampeleka dada yangu ghorofa ya tatu. Nikamwambia kwamba kuna watu hawawezi kuona kitu cha mwenzao kikiwa sawa. La mwisho hilo sijui lilitoka wapi.

Aliondoa mguu kwenye cherehani. "Mzee, mimi nashika sindano kutwa," akasema. "Ikinichoma najua imenichoma wapi." Kisha akaendelea kushona.

Jumatatu, 1 Aprili

Kilo 31.5. Fundi hakuja kupanda mizani, nami sikumwita. Nimeweka ubao mpana juu ya mizani na kumfundisha Tarishi kukaa juu yake. Ubao una kilo mbili, nazitoa. Mtu akikosa jirani huvumbua.

Amehama na kiti chake. Sasa anashonea upande wa pili wa baraza, mgongo kwetu.

Alhamisi, 4 Aprili

Mwenye mbwa asiyetazama kinyesi cha mbwa wake ni kama mwenye duka asiyefungua barua. Kinyesi kizuri kina umbo na hakinati. Chembe nyeupe kama mbegu za ufuta ni minyoo. Cheusi kama lami ni damu ya ndani, na hapo hungojei kesho.

Leo asubuhi, kwenye majani yaliyolowa, niliona karoti: vipande vinne vya mraba, vimepita tumboni bila kutafunwa. Punje za dukani hazina karoti za mraba. Anayekata karoti hivyo mtaani hapa ni mmoja. Dada hupika kwa mkono na pua na hakosei, lakini kisu nilimkataza, kwa hiyo mboga nakata mimi, nami hukata miraba kwa mazoea ya kukata vipimo. Karoti hizo zilikuwa kwenye mchuzi wetu wa jana.

Fundi hana kosa. Mlishaji yuko jikoni kwangu.

Dada hula baada yangu, hukohuko jikoni, na Tarishi hulala mlangoni. Sikuhitaji ushahidi zaidi. Nilimwendea nikamweleza yote: moyo, magoti, ghorofa ya tatu. Nilisema anamuua mbwa kwa mkono wake, na mbwa akifa anajifungia mwenyewe mlango. Nilisema kwa upole, lakini nilisema kwa muda mrefu.

Hakujitetea. Alifuta mikono akasema, "Nimekosa, mdogo wangu." Tangu tuwe watu wazima sijamsikia dada yangu akikubali kosa kwa maneno machache hivyo. Nikadhani nimeeleza vizuri sana.

Kuanzia leo Tarishi anafungiwa nje wakati wa chakula.

Jumatatu, 8 Aprili

Kilo 31.1. Bado sijaenda kwa fundi. Nitaenda mvua ikipungua, baraza ikauke tukae vizuri.

Alhamisi, 11 Aprili

Majani yamekuwa marefu na kupe wamepanda. Kila akitoka nje nampapasa: nyuma ya masikio, kwapani, kati ya vidole. Kupe hung'olewa kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi, unavuta moja kwa moja bila kuzungusha. Kumchoma kwa moto au kumpaka mafuta ya taa ni kumfanya atapike ndani ya damu ya mbwa. Masikio nayo yakaushwe. Sikio lililolala hushika unyevu wa mvua na kunuka kama mkate uliochacha.

Jumatatu, 15 Aprili

Kilo 30.5. Dawa imeshika.

Tena nyumba imejua kubana matumizi. Sufuria ya mchuzi iliyokuwa ikiisha jioni sasa inatufikisha kesho yake. Nimempongeza dada. Amesema mvua humwondolea hamu ya kula, akaniongezea wali.

Bado sijaenda kwa fundi.

Ijumaa, 19 Aprili

Nilimpeleka Tarishi sindano ya kichaa cha mbwa. Hii ni ya kila mwaka na si ya kujadili. Daktari alifurahi sana na akalisifu daftari hili. Nilitembea kurudi nyumbani kama kijana.

Fundi alikuwa anakusanya vitambaa mvua isimlowanishe. Aliniamkia, "Shikamoo, mzee," akasimama kidogo kama mtu mwenye neno. Nikaitikia, nikapita. Neno la kwanza lilikuwa langu, na sikuwa nimeliandaa.

Jumatatu, 22 Aprili

Kilo 30.0 kamili. Mvua kubwa. Mtaro wa barabarani umejaa mpaka ukingoni.

Ijumaa, 26 Aprili

Naandika mchana, dada amelala.

Asubuhi walitoka kwenda kununua mkate kama kawaida, mvua ikiwa imetulia. Nilikuwa nasafisha bakuli la Tarishi. Mbwa ndiye aliyetangulia kurudi, kamba inaburuzika nyuma yake, na katika miaka saba hajawahi kurudi bila dada. Nyuma yake akaja fundi, amemshika dada kwa mkono na kiuno. Alikuwa ameishiwa nguvu kwenye mtaro. Tarishi alisimama, dada akatafuta ukingo kwa kidole, magoti yakakunjika, akakaa kwenye matope. Fundi anasema mbwa alijilaza mbele yake, akawa ukuta kati yake na maji, hakutoka mpaka fundi alipofika na kumshika.

Kwa hiyo aliyeanguka hakuwa mbwa.

Tulimkalisha. Fundi akaenda chumbani kwake, akarudi na daftari la wateja. Hakukaa.

"Mzee, sikuja kwa ajili ya maneno ya siku ile," akasema. "Nimekuja kwa ajili ya hili. Gauni la kahawia la dada, katikati ya mwezi wa tatu nimelipunguza kiunoni inchi mbili. Gauni hilohilo, wiki iliyopita, inchi mbili nyingine."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Aliniomba nisiseme. Na ningetaka kusema, ningepitia mlango gani? Uliufunga wewe."

Nilimwomba radhi palepale, mbele ya dada, kwa lile la karanga na kwa lile jingine baya zaidi. Alisema yamekwisha, nimshughulikie mgonjwa.

Nilipiga magoti mbele ya kiti. Nikamuuliza dada amekula nini leo. Chai. Na jana? Chai, na uji wa mchele uliopoa. Nikamwambia afungue kinywa.

"Mimi si ng'ombe wako."

"Dada, nakuomba."

Akafungua. Gego la chini upande wa kushoto limeoza mpaka ndani, na la pembeni yake linafuata. Ufizi umevimba kama kunde iliyolowekwa, una usaha. Harufu ile ningeijua nikiwa usingizini. Mnyama mwenye kinywa kama kile nilikuwa nikimtenga kwanza, maswali baadaye. Nimekaa na kinywa hiki nyumba moja, meza moja, tangu kabla ya mvua.

Meza moja, hapana. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na lazima nilieleze vizuri maana ni la kimalezi. Mama yetu alitufundisha kwamba kutazama sahani ya mwenzako ni uchoyo. Ukitupia jicho tonge la mtu, unapigwa kofi la kisogo. Mama alipofariki dada ndiye aliyenilea, akalishika fundisho hilo kuliko mama mwenyewe. Kwa hiyo yeye hupakua, mimi hula, hunawa, nikaenda barazani na gazeti ili mwenzangu ale kwa heshima yake. Nimefanya hivyo miaka yote. Nilikuwa natazama bakuli la mbwa mara mbili kwa siku, natazama hata kinachotoka upande wa pili. Sahani ya dada yangu sikuitazama hata mara moja, na nilijiona mtu mwenye adabu.

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ningekwambia jino, ungemwambia mtoto," akasema. "Mtoto angesema ameona sasa, mama hajiwezi, angekuja na begi. Kutafuna siwezi. Kukitupa chakula nikaona dhambi. Tarishi alikuwa anakula na hasemi. Ulipomfungia nje, nikawa nakirudisha sufuriani. Ukanipongeza."

Ni kweli. Nimerudi kurasa za nyuma, imeandikwa kwa mwandiko wangu mzuri.

Jumamosi, 27 Aprili

Daktari wa meno hakung'oa. Uvimbe kwanza utulizwe, kwa hiyo ni vidonge vya siku tano, supu iliyochujwa, na mayai laini. Anasema dada angechelewa wiki nyingine, usaha ungeshuka shingoni.

Neno moja kwa wenye mbwa: vidonge vya maumivu vya watu havipewi mbwa hata akilia. Kimoja kinaweza kumuua. Leo kimoja kimeniponyoka kikabingiria chini ya kabati, nami nimelala kifudifudi na tochi mpaka nilipokipata, Tarishi akinisaidia kutafuta kwa nia yake mwenyewe.

Nimempigia simu mpwa wangu. Nimemweleza yote bila kupunguza.

Jumanne, 30 Aprili

Amefika. Begi kubwa tupu ameliweka mlangoni, wala hakulificha. Alimwosha mama yake, akamlisha, akasoma masharti yangu ya mbwa ukutani kuanzia juu mpaka chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, bila hasira:

"Mjomba, nilikuachia mama, wewe ukapima mbwa."

Naliandika kama lilivyosemwa.

Ijumaa, 3 Mei

Magego mawili yametoka. Dada aliyaomba akayapapasa, akasema yalikuwa makubwa kuliko alivyodhani. Aliporudi nyumbani fundi alimletea mto mdogo alioushona kwa mabaki ya vitambaa, wa kuwekea shavu.

Jumapili, 5 Mei

Dada amekula wali. Polepole, upande wa kulia, sahani nzima. Sote watatu tulikaa mezani, na mara mbili alisema kwamba anahisi macho yetu na hayampendezi.

Baada ya kula, mpwa wangu alilizungumzia begi. Alizungumza kama muuguzi, kwa mpangilio: macho hayarudi, barabara ina maji, mjomba naye ni mzee, kwake kuna hospitali karibu. Kila neno lilikuwa la kweli na sikulipinga. Nilingoja dada aseme yale ya kabatini. Hakuyasema.

"Mwanangu," akasema, "nilificha jino kwa kukuogopa wewe. Daktari sikumwogopa hata kidogo."

Mpwa wangu aliweka kijiko chini.

"Tangu uliposema utanichukua," dada akaendelea, "kila kinachoniuma nakikagua kwanza: je, hiki kitaleta begi? Nikihamia kwako nitaficha zaidi. Huko nitakuwa nakuogopa kuanzia asubuhi."

Nje mvua ya rasharasha ilikuwa inagonga bati. Mpwa wangu aliinuka, akaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Jumatatu, 6 Mei

Kilo 29.2. Fundi amepanda mizani mwenyewe. Ameongezeka kilo moja na analaumu furaha.

Asubuhi dada na Tarishi walitoka kwa mara ya kwanza. Mpwa wangu aliwafuata kwa mbali, viatu mkononi asisikike. Alirudi amelowa mpaka magotini. Ameniambia mbwa alisimama kwenye mtaro, mama akachelewa kuupata ukingo, na mbwa hakuvuta kamba wala hakugeuka. Alingoja tu. Alisema wodini anafanya kazi na watu wasiojua kungoja hivyo.

Jumatano, 8 Mei

Ameondoka. Begi limerudi tupu kama lilivyokuja. Kwa mama yake ameacha ahadi: neno la kuhama hatalitamka tena isipokuwa mama mwenyewe aanze, na mama naye asimfiche kinachouma. Kwangu ameacha amri: kila Jumatatu fundi ampime dada kiuno, nami nimtumie namba. Dada amenung'unika kwamba amewekwa pamoja na mbwa kwenye daftari moja. Fundi amemjibu kwamba mbwa ni mteja mzuri, hajawahi kulalamikia mshono.

Jumatatu, 13 Mei

Tarishi 28.7. Dada ameongezeka nusu inchi. Supu nzito, samaki asiye na miiba, mayai.

Alhamisi, 16 Mei

Jua siku nzima. Nimeanika magodoro yote mawili, la dada na la mbwa.

Jumatatu, 20 Mei

Wiki nzima haijanyesha. Tarishi ana kilo 28.2, ambazo ni kilo tatu kamili tangu tuanze. Daktari alipapasa mbavu, akaniangalia, akafungua mkono wake kunionyesha mgongo wa kiganja. Moyo umetulia. Magoti hayatakuwa mapya, lakini yanabeba mbwa mmoja. Punje zitaongezwa robo kikombe ili asiendelee kukonda.

Gauni la kahawia limeachiwa inchi mbili. Mbili nyingine fundi anazingoja.

Ninamkabidhi daktari daftari hili kesho. Nimefikiria kung'oa kurasa za Aprili, kisha nimeziacha, kwa sababu anayesoma masharti yangu ya Machi bila kusoma Aprili atatoka hapa na kikombe cha kupimia na kisu, ajione amemaliza kazi. Kikombe ni sahihi, meno ni sahihi, kupe ni sahihi. Lakini mbwa hula yale ambayo nyumba imeshindwa kula, na ukimwona ananenepa, kabla hujamlaumu jirani, jua kuna sahani fulani haijaliwa.

Kwa hiyo, wewe uliyekaa hapa kliniki unangoja zamu yako: leo ukirudi nyumbani, mpe mbwa kikombe chake, kisha kaa ule pamoja na yule ambaye nyumbani kwako hula wa mwisho.